Matege si Ugonjwa wa Miguu Peke Yake



Mwaka jana, siku ya kupima watoto uzito, mama mmoja alitujia amembeba mtoto wake wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Alitaka kujua kama miguu ya huyo mtoto, iliyopinda kama upinde, itanyooka. Tulimtazama mtoto, tukaona anacheka na watu, tukamjibu mama kama watu wanavyojibu siku zote: "Usijali mama, atanyooka akikua." Hatukumvua shati tuone mbavu. Hatukumshika mikono. Baada ya wiki tano hivi tukasikia amelazwa hospitali na nimonia, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu azaliwe. Daktari aliyempokea ndiye aliyeuliza habari za miguu, naye ndiye aliyemwambia mama kwamba miguu ile na kifua kile ni habari moja.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi tulibaki na aibu, maana tulikuwa na mizani, na daftari, na hata chaki ya kuandikia, na jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu tusilione. Kwa hivyo tumeuliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mfupa ni ghala

Wengi wetu tunafikiri mfupa ni kama nguzo ya nyumba, ukishasimikwa umesimikwa. Sivyo. Mfupa uko hai, unapitisha damu, na kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Afadhali tuufananishe na ghala la mahindi. Mahindi yenyewe ni madini yanayoitwa kalsiamu. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu iliyo mwilini, sehemu 99 zimewekwa katika mifupa na meno. Ile moja iliyobaki inazunguka katika damu na nyama, nayo, hata kama ni ndogo, ndiyo inayosaidia moyo upige na misuli ivute.

Sasa, mwili haukubali ile sehemu moja ipungue. Ikianza kushuka, tezi nne ndogo zilizo shingoni, kila moja kama punje ya mchele, hutoa amri ghala lifunguliwe. Mfupa unatolewa kalsiamu ili moyo usisimame. Hapo mwili umefanya vizuri, kama vile mzee anayefungua ghala wakati wa njaa. Lakini ghala likifunguliwa kila siku bila mavuno mapya kuingia, unajua mwisho wake.

Mavuno hayo huingia kwa chakula, na mwenye ufunguo wa mlango ni vitamini D. Bila vitamini D sehemu kubwa ya kalsiamu unayokula hupita tumboni na kutoka chooni. Na vitamini D yenyewe, tofauti na vitamini nyingine, haitoki hasa katika chakula. Ngozi ndiyo huitengeneza ikipigwa na jua. Kisha ini huifanyia kazi kwanza, na figo huimalizia. Kumbukeni hapo kwenye ini na figo, tutarudi.

Mtoto akikosa kalsiamu au vitamini D, ncha za mifupa yake, pale inapokua, zinabaki laini kama matofali mabichi. Akisimama, uzito wake unaikunja. Hayo ndiyo matege. Mtu mzima mifupa yake imeshamaliza kurefuka, kwa hivyo haipindi kwa urahisi, lakini hulegea na kuuma: mama anaumwa nyonga na mapaja, anapata taabu kuinuka kwenye kigoda, anatembea kama bata, na watu wanasema ni uvivu au ni uzee.

Jua letu lipo, sasa matege yanatoka wapi?

Swali hili ni la haki. Ulaya matege yalikuwa ugonjwa wa miji ya viwanda, ambako moshi na majengo marefu yalifunika jua. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege wanaweza kupona kwa kumulikwa na taa yenye mwanga wa namna ya jua. Sisi hapa Kenya mstari wa ikweta unapita katikati ya nchi, na jua hatulinunui.

Lakini kuwa na jua juu ya paa si kuwa na jua juu ya ngozi. Angalieni maisha ya mtoto wa mama anayefanya vibarua mjini. Asubuhi anafungiwa katika chumba kimoja cha mabati na dada yake mkubwa, au anaachwa kwa mama wa kulea watoto ambaye ana watoto wengi katika nyumba isiyo na dirisha. Jioni mama anarudi, na jua limezama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wenye matege katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi uliona kwamba kosa lilikuwa hasa upungufu wa vitamini D, na kwamba matege yalifuatana na utapiamlo. Tena ngozi nyeusi, ambayo ni kinga nzuri sana dhidi ya jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile cha vitamini. Na mtoto mchanga hufunikwa shuka tatu, kofia na soksi hata mchana wa Januari. Hiyo ni desturi ya upendo, hatuicheki, lakini jua haliwezi kupenya shuka tatu.

Huko Nigeria hadithi ilikuwa nyingine. Madaktari waliochapisha kazi yao mwaka 1999 waliwatibu watoto wenye matege ambao jua walikuwa nalo. Wale waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko wale waliopewa vitamini D peke yake. Yaani mlango ulikuwa wazi, lakini hakukuwa na gunia la kuingiza. Chakula chao kilikuwa nafaka, na maziwa yalikuwa haba sana.

Tuseme ukweli, hapa vijijini kwetu tuna familia za namna zote mbili. Mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa uji mweupe wa mahindi asubuhi, chai ya strungi mchana na ugali na supu jioni, ghala lake halijazwi. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja anahitaji angalau miligramu 500 za kalsiamu kwa siku. Gramu 100 za mahindi makavu hazifikishi hata miligramu 20. Wimbi, gramu hizohizo 100, lina kama miligramu 340. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama 300, na mala ni hivyohivyo. Omena, kwa sababu huliwa na mifupa yake, ni hazina; kwa mtoto mdogo wakaushwe, wasagwe unga laini na kuchanganywa katika uji.

Kuna jambo tulilokuwa tukifundisha bila kulijua vizuri. Tulisema mboga zote za kijani ni sawa. Sukuma wiki kalsiamu yake huingia mwilini vizuri. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini ndani yake mna kitu kinachoishika isitoke, kwa hivyo mtoto anapata kidogo. Mchicha msiuache, una faida nyingine nyingi, ila usihesabiwe mahali pa maziwa au omena. Nafaka nazo zina kitu cha namna hiyo katika ganda, na ndiyo maana uji wa wimbi uliochachushwa, ule wa nyanya zetu, ni bora kuliko uji uliopikwa palepale. Nyanya zetu walichachusha kwa ajili ya ladha, na kumbe walikuwa wakifungua kalsiamu.

Kutoka mbavuni hadi mapafuni

Turudi kwa yule mtoto. Kwa nini nimonia mara tatu?

Mtoto anapovuta pumzi, mbavu zinapanuka na misuli inazivuta. Mbavu laini hazipanuki sawasawa. Badala ya kufungua kifua, zinaingia ndani. Misuli nayo imelegea kwa kukosa kalsiamu na vitamini D. Mapafu hayajai vizuri, kikohozi hakina nguvu, makohozi yanabaki chini, na viini vinapata makao. Pamoja na hayo vitamini D husaidia askari wa mwili wanaopigana na viini. Kwa hivyo mafua ambayo kwa mtoto wa jirani yanaisha kwa siku nne, kwa huyu yanashuka kifuani.

Madaktari wa Addis Ababa, Ethiopia, walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa watoto 500 wenye nimonia na wengine 500 wasio nayo. Hata baada ya kuondoa hesabu ya mambo mengine kama umaskini na msongamano nyumbani, matege yalionekana kwa wenye nimonia mara 13 hivi zaidi. Sisi tuliposoma hesabu hiyo tulinyamaza kidogo.

Lakini msikimbilie kusema vitamini D ni dawa ya nimonia. Huko Kabul, Afghanistan, watoto wachanga wapatao 3,000 waligawanywa, nusu wakapewa dozi kubwa ya vitamini D kila miezi mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha nimonia haikupungua. Mtoto anayepumua haraka na kifua kinaingia ndani ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, si wa kuanikwa juani.

Kifua si mwisho. Kalsiamu ya damu ikishuka sana, mtoto mchanga anaweza kupata degedege bila homa yoyote. Watu husema amerogwa, ama ni kifafa. Wachache moyo wao hulegea na kuvimba. Na wengi wa watoto hawa huwa pia na upungufu wa damu, kwa sababu chakula kilichokosa kalsiamu mara nyingi kimekosa na chuma.

Kwa msichana kuna deni linalolipwa miaka mingi baadaye. Nyonga ikiwa laini hubonyea na kuwa nyembamba. Msichana anakua, anaolewa, anashika mimba, na siku ya kuzaa kichwa cha mtoto hakipiti. Uchungu wa siku mbili nyumbani unaweza kumuua mama na mtoto, au kumwacha na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia na watu wakimkimbia. Kwa hivyo mama mfupi aliyekuwa na matege utotoni aseme hivyo kliniki tangu mwezi wa kwanza, na azalie hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji. Hili wakunga wetu walizingatie sana.

Njia hii inapitwa pande zote mbili

Tumesema mifupa mibovu inaleta magonjwa mengine. Yako pia magonjwa mengine, na hata dawa zake, yanayoharibu mifupa. Ndiyo sababu madaktari huweka matege, kulegea kwa mifupa ya watu wazima na mifupa kuwa tundutundu kwa wazee katika jamaa moja: ni magonjwa ya hesabu ya mwili kuharibika, si ya kuanguka wala ya kuambukizwa.

Mnakumbuka ini na figo. Mgonjwa wa sukari au wa presha asiyefuata matibabu anaweza kuharibika figo, na figo zikiharibika vitamini D haimaliziwi, hata akiota jua mchana kutwa. Mifupa inaanza kuuma na kuvunjika kirahisi. Yaani sukari imepita kwenye figo ikafika mfupani.

Mwenye kifafa anayemeza fenobabitoni au fenitoini kwa miaka, dawa hizo humaliza vitamini D yake upesi kuliko kawaida. Mtoto kama huyo, ambaye tena hufichwa nyumbani kwa aibu, amefungiwa milango yote miwili. Anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu, kwa ugonjwa wa pumu au wa viungo, mifupa yake hupungua nguvu. Tenofovia, iliyomo katika vidonge vinavyotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inaweza kupunguza uzito wa mifupa kidogo, na kwa wachache husumbua figo.

Tunawasihi: mtu yeyote asiache dawa yake kwa sababu ya makala hii. Degedege la kifafa huua. UKIMWI bila dawa unaua. Neno letu ni kwamba mgonjwa amwulize daktari wake, "Na mifupa yangu je?" Anaweza kupimwa figo, au kuongezewa kalsiamu na vitamini D. Swali halilipiwi.

Kwa akina nyanya, hedhi ikikoma homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua, na mfupa wa nyonga unaweza kuvunjika kwa kuteleza tu jikoni. Pombe na sigara huzidisha. Lakini si kila kibiongo ni uzee. Mgongo ukipinda pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku, hasa kwa kijana au mtoto, huenda ni TB ya uti wa mgongo, na hiyo inatibika ikiwahiwa.

Wenzetu wa Bonde la Ufa wana tatizo jingine. Maji ya visima vingi huko yana floraidi nyingi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na viko visima vinavyopita hapo mbali. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia kwa watoto. Baada ya miaka mingi mifupa na viungo hukakamaa, na mtoto aliyekosa kalsiamu huumia zaidi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki ileile, kwa hivyo imezidi. Maji ya mvua ni salama kwa upande huu. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu mfupa hupenda kushika floraidi, na ni heri ishikwe na mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo kuliko mfupa wa mtoto.

Siku ya kupima uzito

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi wana miguu ya upinde hadi karibu miaka miwili, kisha hunyooka wenyewe. Ndiyo maana tulikosea. Jibu letu huwa kweli mara nyingi. La kufanya ni kumvua nguo na kutazama mwili wote. Mshike kifundo cha mkono: kikiwa kinene, kama amevaa bangili chini ya ngozi, hiyo ni dalili kubwa. Pitisha kidole mbavuni, pale zinapokutana na mfupa wa kifua, usikie kama kuna vinundu vimepangana kama shanga. Uliza meno yalitoka lini, na kama alichelewa kukaa au kutembea. Tazama kama paji limetokeza, au utosi bado uko wazi na anakaribia miaka miwili. Uliza kikohozi na kulazwa. Kisha mlaze, uunganishe vifundo vya miguu. Magoti yakiachana zaidi ya sentimita 6 hivi, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au kupinda kunazidi baada ya miaka miwili, apelekwe hospitali. Huko kuna picha ya eksirei na kipimo cha damu, na kuna magonjwa mengine ya magoti yanayofanana na matege ambayo ni daktari tu awezaye kuyatofautisha.

Matibabu ya matege ya lishe si ya ajabu. Wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto apewe vitamini D kila siku kwa miezi mitatu angalau, pamoja na kalsiamu. Walikubaliana pia kwamba kila mtoto mchanga apate yuniti 400 za vitamini D kwa siku hadi afikishe mwaka, hata anayenyonya, kwa maana maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Ulizeni katika kliniki yenu. Lakini msinunue matone dukani na kupimia kwa macho; vitamini D ikizidi huharibu figo.

Jua halina dozi. Mtoto atolewe nje kila siku, mikono na miguu wazi. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Mtoto mwenye ualbino asianikwe kabisa, kwake jua ni hatari, na vitamini D yake ipatikane kliniki. Na wale wanaofunga miguu ya mtoto kwa vijiti au kumfukia mchangani hadi magotini ili asimame, tafadhali waache. Ukilazimisha mfupa laini utauvunja.

Yule mtoto wetu sasa anakaribia miaka mitatu. Alimaliza miezi mitatu ya dawa, na tangu hapo hajalazwa tena. Mguu wa kulia umenyooka karibu wote, wa kushoto bado, na daktari amesema wataupiga picha tena mwezi ujao kabla ya kuamua juu ya upasuaji. Kikundi kimempa mama nauli ya kwenda na kurudi, na mwenye daftari amechora safu mpya mbili kando ya ile ya uzito: moja ya vifundo vya mikono, nyingine ya kifua.